Safari ya Siyu, na Mlango Usiotiwa Komeo

Tunawaletea wasomaji wetu, hususan mama zetu na dada zetu, habari ya safari tuliyoifunga hivi karibuni kutoka Mombasa hadi mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Haikuwa safari ya matembezi. Tulitumwa, na aliyetutuma ndiye hasa aliyepasa kwenda.

Tuna binti ami yetu aliyeolewa Siyu yapata miaka 18 sasa. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa mashahidi wa nikahi ile. Mumewe ni mvuvi na baharia, mtu wa watu, mwenye sauti nzuri ya kasida na mikono isiyoshindwa na kazi. Akiwapo nyumbani hakuna upenu unaovuja wala mtoto asiyebebwa begani. Ila yake ni moja: hutoweka. Huondoka kwenda dago kwa siku 10, akarudi baada ya miezi 7. Hutoka kwenda Lamu kununua nyuzi za nyavu, zikapita siku, zikapita jumaa, kisha mtu akaja na habari kwamba ameonekana Malindi, au Shimoni, au Unguja. Hana mke mwingine tunayemjua, wala si mlevi. Hutoweka tu, kisha hurudi akiwa mnyonge, na nyumba ikachangamka upya kama kwamba hakikupita kitu.

Safari hii alikuwa amepotea kwa miezi 14. Ndipo Ijumaa moja, tulipomaliza nyiradi, tukamwona amekaa safu ya nyuma kabisa ya msikiti wetu, amekonda, anatungojea. Alitubusu mkono akalia. Alisema, "Shemeji, nirejeshe kwangu. Peke yangu siwezi kuupita ule mlango." Tukakubaliana tuondoke Jumanne na basi la asubuhi. Jumatatu usiku alikuja kwetu na furushi, akaomba tumlalie nalo ili asije akalisahau. Mke wetu alilitazama furushi lile, akatutazama sisi, asiseme neno. Laiti tungalimuuliza alichokiona.

Alfajiri ilitukuta stejini. Abiria walipanda, mizigo ikafungwa, kondakta akatupigia kelele. Simu ya shemeji yetu ilikuwa haipatikani. Tulikuwa tumekwisha kulipa nauli ya watu wawili, na kule Siyu binti ami alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba tunakuja wawili. Tulisimama pale na moyo unaturudisha nyumbani. Mwishowe tukaona kwamba mwanamke yule ameachwa akingoja mara nyingi mno, na haifai tena aachwe akingoja hata mjumbe. Tukapanda. Kiti cha pembeni mwetu kilikaliwa na furushi.

Njia ya kwenda Lamu wengi wenu mnaijua, basi hatutaiandika kwa urefu. Kilifi, Malindi, kisha nchi ikafunguka na kuwa kavu hadi Garsen, penye watu wa Mto Tana na ng'ombe wao. Zamani safari hii ilikuwa ya kumeza vumbi na kukwama topeni. Siku hizi lami imefika, Alhamdulillahi, na kilichobaki kirefu ni vizuizi vya askari. Abiria hushuka, wanaume safu yao na wanawake safu yao, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Katika kila kizuizi askari alilinyoshea kidole furushi letu na kuuliza ni la nani. Tulijibu kwamba ni la mwenzetu. Akauliza, yuko wapi? Hilo tulikosa jibu lake mara tatu.

Tulipita Witu, mji ulioanzishwa na Wanabahani walipoukimbia Pate, tukafika Mokowe alasiri. Hapo gari huishia na bahari ikaanza. Boti ikatuvusha hadi Lamu, na tulipokanyaga gati tukasikia milio ya punda na adhana kwa wakati mmoja. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni hupigana kuupiga picha. Lakini kwetu sisi Lamu ni Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh, na ni utulivu unaomshukia mtu akisali Magharibi humo baada ya kutwa nzima ya kutikiswa barabarani.

Usiku ule, barazani karibu na pwani, tulikaa na mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa majahazi ya boriti. Tulimweleza habari ya shemeji yetu bila ya kumtaja jina, akacheka kicheko kisicho na furaha. Akatwambia kwamba zamani wanaume wote wa visiwa hivi walikuwa wakiondoka. Majahazi yalishuka na pepo za kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, yakitoka Uarabuni na Ghuba na tende, chumvi na mazulia. Na kusi ilipoanza kuvuma, yakapanda tena yamejaa boriti za mikoko, hadi Serikali ilipozipiga marufuku zisiuzwe nje ya nchi. Mtu akienda Muscat au Basra hakuwa na njia ya kurudi kabla pepo hazijageuka. "Lakini mke alikuwa na kalenda," akasema mzee. "Alijua kusi imemchukua na kaskazi itamrejesha. Kaskazi ikipita na jahazi halikuonekana, mji mzima ulijua, na mji mzima ulimwendea. Huyu wako anapotea kwa pepo gani?"

Swali lile tulilala nalo. Na kwa kweli tukaona kwamba jambo hili limezidi uzito katika zama hizi, tofauti na tunavyodhani. Zamani hapakuwa na simu, na kimya cha baharia kilikuwa ni kimya cha bahari. Leo simu imo katika kila mfuko, na mtu anayenyamaza amechagua kunyamaza. Mke huiona picha ya mumewe imebadilishwa kwenye simu, akajua yu hai na vidole vyake vizima, isipokuwa havikumwandikia yeye. Sijui kama bibi zetu walionja kitu hicho. Walionja vikubwa zaidi, walipoteza waume kwa dhoruba na kwa ndui, lakini hiki hawakukionja.

Asubuhi tukapanda boti ya Pate. Boti hizi hazifuati saa ya ukutani, zafuata maji. Njia yake ni Mkanda, ule mfereji mwembamba baina ya Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda haupitiki. Basi nahodha akisema sasa ni sasa. Tulikaa baina ya magunia ya unga, mitungi ya gesi, godoro jipya, na mama mmoja aliyempakata kuku kama mtoto. Mikoko ilitusogelea pande zote mbili hadi tukadhani tungaliweza kuishika. Kisha bahari ikafunguka, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na kila mtu akawa mcha Mungu kwa muda wa saa moja. Tuliteremka Mtangawanda tukiwa tumerowa hadi kwenye kanzu. Furushi, kwa rehema ya Mola, tulikuwa tumelifunika kwa turubai.

Kutoka Mtangawanda tulipanda bodaboda. Njia hupita mji wa Pate, ambako tumbaku hulimwa ndani ya magofu ya majumba ya kale, mtu akichuma majani baina ya kuta zilizowahi kuwa vyumba vya masultani. Kisha minazi, vichaka, mchanga, na mbele yako Siyu.

Mwenye kuifikia Siyu kwa mara ya kwanza hushangazwa na ngome. Mji mdogo, wa watu wasio na makuu, na mbele yake ngome kubwa ya mawe imeelekea hori. Msidhani ni pambo. Katika miaka ya 1840 watu wa Siyu, wakiongozwa na Bwana Mataka, waliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said wa Unguja na Maskati, jambo ambalo miji mikubwa kuliko huu haikuliweza. Siyu ilikuwa pia mji wa elimu na wa kazi za mikono. Misahafu ilinakiliwa hapa kwa kalamu na wino, milango ilichongwa, na ngozi zilishonwa viatu vilivyosifika pwani nzima. Mafundi wa ngozi wachache wangalipo hadi leo. Na hapa ndipo alipoolewa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka huyo huyo, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo 1858, baada ya yeye mwenyewe kuwa mjane.

Hori la Siyu lina tabia yake. Maji yakijaa, mashua huelea hadi karibu na ngome na watoto huchupa humo wakipiga mayowe. Saa chache baadaye ukirudi hukuti maji. Hukuta tope jeusi, mizizi ya mikoko, kaa wanaokimbia, na mashua zimelala ubavu. Wenyeji hawasumbuki nalo, kwa kuwa wanajua saa yatakaporudi.

Binti ami alikuwa amesimama kwenye daka la nyumba yake. Bodaboda zilikuwa mbili, kwa maana mizigo ilitushinda, na tuliona macho yake yakienda kwenye ile ya pili, yakangoja dereva ashuke, yakaona hapana mwingine. Ilikuwa ni pumzi moja tu. Kisha akatuamkia kama desturi, akatushika mkono, akasema, "Karibu ndani, kakangu. Pole na safari. Mayi ya kuoga yako tayari."

Hakuuliza. Tulioga, tukasali, tukaandaliwa. Palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa sinia, na pembeni bakuli la achari ya ndimu, ambayo sisi hatuli na yeye anajua kwamba hatuli. Ilikuwa ya mwingine. Tulipomaliza, bakuli lile aliliondoa yeye mwenyewe kabla ya binti yake kuligusa.

Ndipo tukamweleza, kwa ulimi mzito, yote tangu ile Ijumaa hadi stejini. Alisikiliza huku anashona. Kazi yake ni kushona kofia za vito, zile ambazo tundu moja moja hushonwa kwa sindano na kofia moja huchukua miezi. Ndizo zinazomlishia watoto watatu. Tulipofika pahali pa simu isiyopatikana, sindano ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Basi alifika hata kwako," akasema. "Safari hii amejitahidi."

Tulimkabidhi furushi. Mlikuwa na doti ya kanga, chupa ya mafuta ya udi, shilingi zilizofungwa katika kitambaa, na viatu vya mtoto wa mwisho. Kwanza tulistaajabu kwamba mtu anunue viatu vya plastiki Mombasa avipeleke Siyu, mji wa washona viatu. Kisha mtoto akaitwa. Baba alipoondoka alikuwa na miaka mitatu na kitu, na sasa anakaribia mitano. Viatu vilikuwa vya mguu ule wa zamani. Alivitia, kisigino kikabaki nje. Mama yake akasema vitabadilishwa. Mtoto akajibu, "Vizuri, mama," akaondoka navyo amevikanyaga kwa nyuma, akivikokota hadi uwani kwenda kuwaonyesha wenzake.

Hatukujua pa kutazama.

Sasa tunafika pahali ambapo ingekuwa rahisi kwetu kuruka, lakini haki inataka tuseme. Hii haikuwa mara yetu ya kwanza kumwendea binti ami kwa usuluhishi. Miaka minane iliyopita, mumewe alipotoweka mara ya pili na kurudi, tulikuja Siyu. Tulikaa chumba kile kile. Tulimwaidhi mume kwa maneno mafupi, maana alikuwa anaona haya na sisi tulimwonea huruma. Kisha tukamgeukia mke tukamwaidhi kwa maneno marefu juu ya subira na malipo yake. Tulisoma dua, tukala biriani, tukaondoka na maji yaliyojaa, tukijiona tumejenga nyumba. Siku ile aliinamisha kichwa tu.

Safari hii aliinua kichwa. "Kakangu, sikulaumu," akasema. "Lakini mara ile ulikuja, ukala, ukaomba dua, ukaondoka. Hukuniuliza miezi ile tisa nilikuwa nikila nini."

Ni kweli. Hatukuuliza. Tumesoma miaka mingi milango ya fikihi juu ya matumizi ya mke, tunawasomesha vijana, twajua kiasi cha kibaba na kiasi cha nguo. Tukakaa mbele ya mwanamke asiyepewa hata kibaba, na swali hilo halikutupitia akilini. Tulipoomba radhi alitikisa mkono kama afukuzaye nzi, akatumiminia chai.

Usiku alizungumza zaidi kuliko tulivyowahi kumsikia. Hakumtukana mumewe hata mara moja. Alisema akiwapo, yupo. Kuna wanaume hawajatoka nyumbani miaka thelathini na hawajawahi kuwapo. Alisema akirudi huwa kama Idi, na kila mara humwamini, si kwa ujinga, ila kwa kuwa naye mwenyewe hujiamini wakati ule. Alidhani chanzo ni deni. Mvuvi hukopeshwa na tajiri nyavu na mafuta, samaki wakikosekana hana cha kurudi nacho, na mwanamume wa kwetu akikosa cha kurudi nacho huona afadhali asirudi. Sisi tunaijua aibu hiyo na tunaikataa. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomfanya mtu amkimbie mtoto wake si ile iliyosifiwa.

Kisha akamtaja Mwana Kupona. Nyanya yake alimhifadhisha utenzi ule akiwa mdogo, kama wanavyohifadhishwa mabanati wengi wa visiwani, na sisi pia tumeusoma kwenye maharusi mara zisizohesabika. Akasema, "Nimefunzwa kwamba mume akitoka niagane naye, na akirudi nimpokee. Kumpokea najua, nimempokea mara nne. Kuagana bado. Miaka 18, kakangu, hajaniaga hata siku moja. Huamka nikakuta mto wake una shimo la kichwa."

Tangu ile mara ya kwanza, alisema, hakuwahi kutia komeo mlangoni wakati mumewe hayupo, na komeo lenyewe lilikwisha kuoza likang'oka. Huusukuma mlango ukasimama, basi. Alikuwa akichelea kwamba atakuja usiku, aukute umefungwa, aone haya kubisha, ageuke arudi zake. Katika miaka yote hiyo aliyeingia usiku ni mbuzi wa jirani, akala pembe ya mkeka. Hapo tulicheka wote, na binti yake mkubwa akacheka kutoka jikoni.

Alituuliza swali ambalo huenda na wengine wenu mnalo, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa kadiri tulivyomjibu. Je, mimi ni mke au si mke?

Tulimwambia kwamba wanavyuoni wamezungumza juu ya mafkudi, yaani mtu aliyepotea pasijulikane hai wala maiti. Sayyidna Umar (R.A.) alihukumu mke wake angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa. Imam Shafii alilishika hilo katika kauli yake ya kale, na katika kauli mpya akasema angoje hadi yapatikane yakini. Lakini mume huyu si mafkudi. Ni hai na hujulikana. Huyu ni mwenye kuiacha haki aliyoichukua mbele ya mashahidi. Qur'ani, katika Surat An-Nisaa aya ya 129, imewakataza waume wasimwache mke kama kitu kilichotundikwa, si wa mume wala si huru. Na katika Surat Al-Baqara aya ya 226 aliyeapa kujitenga na mkewe amewekewa miezi minne basi. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar alimsikia usiku mwanamke akimlilia mumewe aliyekuwa jeshini, akamwendea binti yake, Bi Hafsa (R.A.), kumuuliza mke huweza kustahamili muda gani. Akajibiwa miezi minne, na riwaya nyingine zasema sita, naye akapanga zamu za askari wake kwa mujibu wa jibu lile. Khalifa mwenye jeshi lililozishinda dola kubwa hakuona taabu kumuuliza mwanamke. Sisi tulipata taabu kwa miaka minane.

Tukamweleza kwamba mlango wa Kadhi upo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, imewapa Makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaoikubali hukumu yao. Mke aliyekatiwa matumizi aweza kushtaki, na Kadhi akithibitisha ana njia ya kuifasikhi ndoa. Wala si aibu kupanda boti kwenda kudai haki. Kila kesi ina sura yake, na msomaji asichukue maneno yetu haya kama hukumu yake. Aende kwa Kadhi aeleze mambo yake mwenyewe.

Alifikiri. Hori lilikuwa linajaa, tulisikia maji yakiingia baina ya mikoko. Akasema hataki kufasikhi. Akataka tumwandikie karatasi ya talaka ya sharti, mumewe aitamke mwenyewe mbele ya Kadhi: kwamba akitoka pasi na kumuaga, na miezi minne ikapita bila ya habari wala matumizi, basi ameachika talaka moja.

Tukamuuliza, kwa nini moja?

"Kwa sababu nampenda," akasema, na alilisema hilo kama mtu atajaye bei ya unga. "Sitaki kumpoteza. Nataka nijue siku ninayompoteza, nijue na mwisho wa kungoja. Akija ndani ya eda na anirejee, lakini aje akijua kwamba nilikuwa nahesabu."

Tuliandika. Tumeandika nyaraka nyingi za ndoa katika maisha yetu, na hatukumbuki nyingine iliyotutetemesha mkono.

Asubuhi yake alimwita seremala. Aliomba komeo la mti, la kutia kwa ndani. Fundi alikuwa peke yake na mlango ule ni mzito, wa kizamani, umechongwa na mtu aliyeijua kazi yake; basi tulikunja mikono ya kanzu tukamshikia ubao huku akitoboa. Majirani waliopita waliangalia, wakatoa salamu, wakapita. Usiku ule, tulipokwisha kulala chumba cha mbele, tulisikia komeo likiingia mahali pake. Likatolewa. Likaingia tena.

Siku ya kuondoka tulimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alisema Siyu wote wanajua, na wasiojua hawatamjua. "Akija na abishe," akatwambia pale daka. "Huenda nikafungua. Lakini na abishe."

Hayo yamekwisha kuwa ya mwezi uliopita. Karatasi iko kwetu, tumeitia ndani ya Minhaji yetu, katika mlango wa talaka. Majuzi shemeji yetu alipiga simu kwa namba tusiyoijua. Jambo la kwanza aliuliza kama viatu vilimtosha mtoto. Tulimwambia havikumtosha, na tukamwambia kuna karatasi, na tukamwambia ni ya nini. Alinyamaza muda mrefu, tukasikia nyuma yake sauti ya bahari na watu wakivuta kamba. Kisha akasema, "Ijumaa, shemeji, inshaallah nitakuja."

Ijumaa mbili zimepita. Kila tukitoa salamu ya pili, kabla ya kuanza nyiradi, huwa tunageuka kutazama safu ya nyuma.